Usiku wa Jumamosi ni Upi?

Mtu akija kukuomba ukumbi, usimuulize jina kwanza, wala usimuulize ataleta watu wangapi. Muulize siku. Akishakujibu, muulize tena siku. Hayo nilifundishwa nilipokabidhiwa funguo, nikayapuuza, na nusura yaniponze mimi na Changamwe nzima.

Nyinyi vijana mmeniomba niwaandikie habari za kazi yangu kwa sababu mwataka kuanzisha kikundi cha ngoma na michezo ya kuigiza, na wakubwa wenu wanawaambia kwamba ngoma haiulishi mji. Naandika basi. Mimi si msanii, sijui kupiga hata debe. Kazi yangu ilikuwa kufungua mlango, kupanga viti, kufagia na kufunga mlango, miaka ya themanini na sehemu kubwa ya tisini, katika ukumbi wa jamii uliosimama baina ya nyumba za wafanyakazi wa bandarini na mitaa ya wenyeji wa Changamwe. Watu waliniita Bwana Ukumbi. Jina langu hasa ni Hamisi, na hilo liwekeni akilini, maana lina kazi yake mbele.

Aliyenifundisha ni Mzee Feruzi, mtunzaji aliyenitangulia, mtu mwembamba wa maneno machache na funguo nyingi. Siku ya kwanza alinisimamisha katikati ya ukumbi mtupu akaniambia nipige makofi. Nikapiga. Sauti ikaenda ukutani ikarudi, ikaenda tena ikarudi. Akasema mwangwi huo ndio adui wangu wa kwanza, kwani mwimbaji akiimba humu maneno yake yatamrudia usoni, na watu watarudi makwao wakisema hajui kuimba. Dawa yake ilikuwa mikeka sita, itundikwe ukuta wa nyuma. Nilimcheka kimoyomoyo. Lakini niliitundika, nikapiga makofi tena, na sauti ikatulia kama mtu aliyeambiwa akae kitako.

Mambo mengine nilijifunza kwa kuanguka, na kuna moja nilijifunza kwa kumwangusha mwenzangu. Siku moja nilijitia ujuzi nikapaka sakafu nta nyekundu mara mbili, ikang'ara hadi unajiona meno. Kesho yake kukawa na mashindano ya kwaya za makanisa. Mwalimu wa kwaya ya kwanza alipoinua mikono kuanzisha wimbo, miguu ilimtangulia. Kwaya ikadhani hiyo ndiyo ishara, ikaimba ubeti wa kwanza wote mwalimu yuko chini. Nta hupakwa mara moja, wanangu, kisha hupanguswa kwa kitambaa kikavu.

Sasa habari ya siku. Sisi watu wa pwani, usiku hutangulia mchana wake. Jua likishatua Ijumaa, kwetu Jumamosi imeshaingia, kwa hivyo usiku wa Jumamosi ni ule wa Ijumaa kuamkia Jumamosi. Mimi nilizaliwa Likoni, Jumatano baada ya isha, na mama yangu akaniita Hamisi, kwa kuwa ulikuwa usiku wa Alhamisi. Mtu wa bara yeye hesabu yake ni nyingine. Kwake usiku wa Jumamosi ni ule unaofuata mchana wa Jumamosi, basi. Nyote wawili mnasema maneno yale yale, na nyote mko sawa, na mmepishana usiku mzima.

Mzee Feruzi alilijua hilo. Kila aliyekuja kuomba ukumbi, awe mzaliwa wa hapo mtaani au ametoka Kakamega jana, alimuuliza, "Usiku wa kuamkia nini?" Kisha ndipo alipochukua kalamu. Mimi niliona anapoteza wakati. Kiswahili ni chetu, nilijiambia, na anayekuja kwetu aseme tunavyosema. Kiburi hicho ndicho kilichoniingiza matatani.

Ilikuwa hivi. Katikati ya miaka ya themanini watu walianza kukaa majumbani kutazama video, na ukumbi ukawa unashinda mtupu. Vioo vya madirisha vilivunjika, visibadilishwe. Ikawa siku moja akaja afisa kutoka ofisi ya mjini, mtu mstaarabu aliyevaa viatu vyeusi vilivyopigwa rangi vizuri, akazunguka ndani mikono nyuma. Akaniambia kwa upole kwamba jumba zuri namna hii linalala mchana kutwa, na kuna mfanyabiashara anayelitaka liwe ghala la magunia. Nikamwambia ngoma zipo, harusi zipo. Akasema yeye huamini anachokiona. Nikamwalika aje Jumamosi ya wiki ile saa kumi alasiri aone. Akakubali, lakini akaongeza kwamba kama hakuona kitu, Jumatatu asubuhi nipeleke funguo ofisini.

Sikumwambia mtu yeyote. Niliona haya, na nilikuwa na hakika nitayamaliza peke yangu. Kwenye daftari usiku ule wa Jumamosi kuamkia Jumapili ulikuwa wa Bi Mwanakombo, bibi wa ukoo wa zamani wa hapo Changamwe, aliyekuwa akimwoza mjukuu wake na alitaka wanawake wapige vugo. Kwa asiyejua, vugo ni ngoma ya harusi, wanawake hugonga pembe kwa vijiti na kuimba, na mwanamume haonekani hapo. Hesabu yangu ilikuwa kwamba afisa atafika alasiri, aone mapambo na shamrashamra, aondoke kabla milango haijafungwa.

Usiku uliotangulia, Ijumaa kuamkia Jumamosi, nao ulikuwa na watu. Baba Ambani, mwendesha winchi bandarini, kiongozi wa chama cha watu wa mkoa wa Magharibi mtaani kwetu, alikuja kuomba ukumbi wamuage mzee mwenzao aliyestaafu. Baba Ambani alikuwa amekaa pwani miaka kumi na mitano na alikipenda Kiswahili cha pwani kupita kiasi. Mzee wa kanisa mzima, lakini kila neno wallahi. Alisimama mbele ya meza yangu akasema, kwa madaha, "Nataka usiku wa Jumamosi." Nikafurahi kumsikia anasema kama mtu wa kwetu, nikamwandikia Ijumaa. Sikumuuliza kuamkia nini.

Ijumaa ikafika. Nikapanga viti mia mbili, nikawasha taa, nikakaa mlangoni. Mama Riziki, mwanamke wa viazi karai aliyeuza nje ya ukumbi kila penye shughuli, alikaanga karai zima kwa sababu nilimwambia watu watakuja wengi. Isha ikapita, hakuna aliyekuja. Nikamwambia Mama Riziki kwamba watu wa bara ahadi zao ni za mdomoni. Alifunika beseni lake lililojaa, akajitwika, akaenda zake. Neno lile nililolisema linaniuma mpaka leo kuliko kosa lenyewe.

Jumamosi alasiri wanawake wa Bi Mwanakombo waliingia na ukumbi ukageuka. Walitundika leso madirishani, palipokuwa na kioo na pasipokuwa na kioo, na harufu ya asumini na udi ikafika hadi barabarani. Mama Riziki alikuja, ingawa alikaa mbali na mimi. Saa kumi ikafika, afisa hakuonekana. Saa kumi na moja. Saa kumi na mbili kasoro nikaona lori linaingia uwanjani, nikajua si lake. Likashusha ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, kisha sufuria, kisha watu, na mwisho Baba Ambani amevaa tai.

Akaniuliza mbona kuna leso madirishani. Nikamwambia shughuli yao ilikuwa jana.

"Jana ilikuwa Ijumaa," akasema. "Mimi nilikwambia usiku wa Jumamosi. Wallahi nilikwambia."

Bi Mwanakombo alikuwa ametoka barazani, amejifunika buibui yake, na alisikia. "Usiku wa Jumamosi ulikuwa jana, baba," akamwambia. "Leo ni usiku wa Jumapili. Kwani nyinyi mumekuja pwani lini?"

"Miaka kumi na mitano, mama. Na mzee wetu anapanda gari la moshi kesho. Hatuna usiku mwingine."

Watu wa lori wakazitua chini ngoma walizobeba. Wanawake wakachungulia nyuma ya leso. Bi Mwanakombo akanigeukia.

"Hamisi, weye ndiwe uloandika?"

Wanangu, kuna wakati mtu hutafuta uongo akaukosa. Nilisema ndiye mimi. Nikasema Baba Ambani hakukosea, wala yeye Bi Mwanakombo hakukosea, mimi ndiye niliyemsikia mtu kwa masikio yangu badala ya kumuuliza. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, nikayatoa yote: afisa, ghala, magunia, funguo za Jumatatu. Nilidhani watanila mzima.

Bi Mwanakombo akanipa mgongo, akamwambia Baba Ambani, "Huyo afisa akitukuta hapa mlangoni twazozana, jumba hili atawapa wenye magunia. Basi sikia. Ndani ni kwetu, uwanja ni wenu. Mwanamume hapiti ndia ya mlango huu, na mato yenu yakae kwenye ngoma zenu."

Baba Ambani akavua kofia. "Tumekubali, mama. Macho yetu kwenye ngoma. Tunaomba viti tu."

Na viti ndivyo vilivyotuokoa. Wanawake walitaka kukaa chini, viti viliwazuilia nafasi ya kuzunguka. Watu wa Magharibi walikuwa na mzee wa kumketisha kwa heshima na hawakuwa na pa kumketisha. Basi wanawake wakatusogezea viti barazani, sisi tukavipokea, tukavipanga duara uwanjani. Kisha nikakumbuka mikeka ya Mzee Feruzi. Nikapiga hodi nikiwa nimegeuka upande wa barabara, nikawaomba waishushe ukutani waikalie. Nilijua ukuta ukiwa mtupu sauti ya pembe itarudi mbele, ipenye kwenye leso, itoke nje. Ule mwangwi niliopigana nao miaka yote, siku hiyo niliufungulia mlango.

Mwanzo ilikuwa fujo tupu. Ndani pembe zinakwenda zao, nje ngoma zinakwenda zao, na mbwa wa mtaa mzima wanashindana na wote. Halafu Baba Ambani akainua mkono, wapigaji wake wakanyamaza. Akasikiliza pembe, kichwa kainamisha, kama mtu anayesikiliza injini. Akamwashiria mwenye ngoma ndogo. Yule akaingia polepole, kidole kwanza, akafuata pembe. Ndani wakamsikia. Wakapiga pigo moja wakaacha, ngoma ndogo ikawajibu. Wakapiga mawili, ikawajibu. Vigelegele vilivyotoka humo ndani sijavisikia tena. Ngoma kubwa ikaingia, na hapo hakuna aliyebaki amekaa, hata mzee mwenye kuagwa. Mimi nililia, sioni haya kusema.

Afisa akafika saa moja na nusu, amechelewa kama wakubwa wachelewavyo. Akasimama langoni akashangaa. Akataka kuingia ndani aone, nikamwambia haingiliki, ni vugo. Akaniuliza ataandikaje habari za ukumbi ambao hakuuona ndani. Macho yangu yaliinama, yakaangukia viatu. Kwenye baraza, mbele ya mlango, palikuwa na rundo la viatu vya wanawake, makubadhi, ndara, vya visigino, vya watoto, vimefika hadi ngazi ya tatu. Nikamwambia, "Wahesabu hapo."

Akainama kweli akahesabu, mtu wa ofisi. Alipopita mia akaacha. Akaenda kwa Mama Riziki akala viazi vyake kwa ukwaju, akamuuliza kama huuza hapo kila siku. Mama Riziki akamwambia huuza penye ngoma, na jana hapakuwa na ngoma, karai zima alilirudisha nyumbani. Alipokuwa akisema hivyo beseni lake lilikuwa limebaki mafuta tu. Pembeni yake alikuwapo msichana aliyeuza vikuba vya asumini, vishada vya wanawake kujipamba, na fundi wa taa za karabai, na mshonaji aliyekuwa na cherehani mtaa wa pili, ambaye nusu ya nguo zilizochezwa usiku ule, za ndani na za nje, zilipita mkononi mwake. Afisa aliwatazama wote mmoja mmoja. Sikumhubiria. Mwenyewe alikuwa mtu wa kuhesabu.

Kisha mzee aliyestaafu akaja akamshika mkono wacheze. Afisa akakataa, akavutwa, akavua vile viatu vyake vyeusi ili asiviharibu, akaviweka barazani pamoja na vingine. Kosa kubwa. Alipotaka kuondoka, rundo lilikuwa limeshapekuliwa na watoto mara tatu. Tulipata kiatu kimoja. Akaondoka kwa ndara zangu, za rangi mbili, bila kutamka hukumu ya funguo, na mimi nikarudi nyumbani miguu mitupu.

Jumapili nilikwenda kwa Mzee Feruzi nikamweleza yote tangu mwanzo hadi mwisho. Alikuwa akinywa kahawa. Aliponisikiliza akaniuliza neno moja tu, "Uliuliza?" Nikasema sikuuliza. Akajimiminia kikombe kingine. Kutoka hapo nikaenda stesheni kumtafuta Baba Ambani, aliyekuwa akimsindikiza mzee wake, nikamwambia nililolisema Ijumaa kuhusu watu wa bara, ingawa hakulisikia na ningeweza kunyamaza. Alikunja uso. Alisema limemuuma. Baadaye akasema ameshasikia mabaya zaidi ya hilo, lakini hakuna aliyewahi kuja stesheni kulikiri mbele yake.

Mwataka kujua mji ulipata nini. Mwaka uliofuata mafundi, wasusi na wapiga ngoma walikuwa wakigombea siku kwenye daftari langu. Baba Ambani alipostaafu yeye, miaka ya tisini, pembe za vugo zilikuja kumuaga bila kuitwa, na Bi Mwanakombo, macho hayaoni tena, aliletwa ameshikwa mkono. Vijana waliojifunza kupanga spika ukumbini kwangu walitoka wakafungua kazi zao Mikindani na Kiembeni. Watu waliokuwa wakipitana njiani bila salamu walianza kuulizana hali, kwa sababu ukishamjibu mtu pembe kwa ngoma huwezi tena kumpita kama mti. Wanaowaambia kwamba ngoma haiulishi mji, waleteni kwangu niwaonyeshe nyumba ya Mama Riziki. Ni ya mawe, na aliijenga kwa viazi.

Lakini hayo ni ya baadaye. Asubuhi ile ya Jumatatu sikujua lolote. Nilizifunga funguo kwenye kitambaa, nikafagia ukumbi mara ya mwisho, nilivyodhani, nikapanga viti vyote mia mbili ingawa hakuna aliyevitaka. Nilipokuwa nafunga mlango niliona mtu anavuka uwanja, amebeba kitu kilichofungwa gazetini. Alikuwa afisa. Akanikabidhi ndara zangu, zimeoshwa.

Nikamnyooshea funguo. Hakuzipokea.

"Kaa nazo," akasema. "Magunia yana pahala pengi pa kulala."

Nikazivaa zile ndara pale pale mbele yake, mtu mzima nikijifuta machozi kwa kitambaa cha funguo. Yeye akatazama kando, akangoja, kisha akakohoa. Akasema ana haja yake pia. Mkewe ni wa kwaya ya kanisa, wanatafuta mahali pa kuimbia, na kama nafasi ipo, wangetaka usiku wa Jumapili.

Nikafungua mlango, nikamkaribisha ndani, nikalitandaza daftari mezani. Nikashika kalamu, nikaiweka tena chini.

"Kuamkia nini, bwana?"